Kiti cha Kushoto cha Starlet Nyeupe

Vijana wa gereji, mmenisumbua kwenye simu hadi nimekubali. Wiki nzima mmebishana kwenye kundi lenu la Vigari Vikali, kipi bora, kigari kidogo cha zamani chenye injini kali au hivi vya sasa vyenye kompyuta kila kona, na mwisho mmoja wenu akaandika, "Tumwachie Mama Limi aamue." Nimestaafu juzi tu na tayari mmenifanya hakimu. Sawa, nitaandika, kwa sababu kukaa kumenishinda. Hapa nyumbani Kahama kuna kiti kizuri barazani, mwanangu Limi alininunulia nipumzike, na sijawahi kukikalia nikamaliza kikombe cha chai. Gari likipita na mkanda wa feni unalia, nasimama. Pikipiki ikipita na ekzosti imetoboka, nasimama. Jirani ameshaniuliza mara kadhaa kama kuna mgeni ninayemsubiri.

Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Hazifungui nati.

Nilianzia Shinyanga mjini, gereji iliyokuwa nyuma ya jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, ambako msimu ukianza nyuzi za pamba zilijaa hadi kwenye vichujio vya hewa. Mwenye gereji alikuwa Mzee Ramadhani, mtu wa Ujiji aliyekuja na treni akiwa kijana, akaoa, akabaki. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba bila kutoa kichwa kwenye boneti, akauliza, "Umekuja kuchukua gari ya nani?" Nikamwambia nimekuja kazini. Hapo akatoa kichwa. Akanitazama, akatazama na viatu vyangu, vilikuwa vya wazi.

"Kesho vaa vya kufunika," akasema. "Spana ikianguka haiulizi huyu mwanamke au mwanamume."

Usaili wangu ulikuwa huo. Kutwa nzima nilisafisha plagi kwa brashi ya waya, na kila plagi Mzee alinitaka nimwambie inasema nini kabla sijaisugua. Nyeusi kavu, injini inakunywa petroli kupita kiasi. Nyeusi yenye mafuta, ringi zimechoka. Nyeupe kama chaki, inaungua, mwenye gari atafutwe haraka. Ya kahawia, rangi ya chai ya maziwa, iache ilivyo. Nyinyi leo mnachomeka mashine ya kupimia na inawaambia kwa maandishi. Siwalaumu. Ila mashine ikizima chaji mnabaki mnatazamana kama watu waliofiwa.

Lakini somo kubwa la Mzee Ramadhani halikuwa la plagi. Pale gerejini palikuwa na sheria moja, na sijaikuta kwingine kokote nilikofanya kazi. Gari likishatengenezwa, kabla ya kumrudishia mwenyewe, fundi aliyelitengeneza alipaswa kuliendesha kwenda Ibadakuli na kurudi, na kwenye kiti cha kushoto ampakie mtu wake. Si mwenye gari, si fundi mwenzake. Mtu wake wa nyumbani. "Gari ambayo huwezi kumpakia mtu wako," alikuwa anasema, "unamrudishiaje mtu wa watu?"

Mtu wake yeye alikuwa mkewe, Mama Zuhura. Nyumba ilikuwa jirani na gereji, basi Mzee alikuwa anaita tu, "Mama Zuhura, tumemaliza," na mama wa watu anaacha sufuria jikoni, anafunga kanga vizuri, anaingia ndani ya gari na ungo wake wa mchele. Njia nzima anachagua mchele. Wakirudi, Mzee anamuuliza, "Umeonaje?" Naye anajibu, "Mchele haukumwagika," na hapo funguo zinatolewa. Siku moja breki za pikapu ya mfanyabiashara zilivuta upande, mchele ukamwagika wote. Mzee alifumua breki upya, na Mama Zuhura akapika ugali.

Mimi mwanzoni nilimpakia mama yangu mzazi, aliyekuwa akishika dashibodi kwa mikono miwili na kumwita mama yake kwa Kisukuma, "mayu wee", kila kona. Mtu hutengeneza kwa namna nyingine kabisa akijua nani atakaa hapo. Unakaza nati, halafu unarudi kuijaribu tena, halafu ukiwa unanawa mikono unarudi mara ya tatu. Mimi huo wasiwasi haujanitoka mpaka leo, na nadhani ndio uliofanya watu waniamini.

Sasa nije kwenye hicho kigari chenu.

Kililetwa na mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa akizunguka Mwakitolyo, Kahama na Geita. Watu walimwita Kifusi, kwa kuwa kila akiulizwa amepata nini leo alijibu, "Kifusi tu, ndugu yangu." Ilikuwa Starlet nyeupe, milango miwili na ule wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na chini ya boneti ina tabo, ile feni inayoishindilia injini hewa ipate nguvu. Ukikitazama utadhani gari la mwalimu mkuu. Nilipokiendesha mara ya kwanza nilicheka peke yangu, na mimi si mtu wa kucheka. Kilikuwa chepesi, wanaume wanne walikuwa wanakinyanyua nyuma kubadilisha tairi bila jeki. Pedali ya mafuta ilivuta waya, waya ukavuta injini, basi, hapakuwa na mtu wa kati. Ukikanyaga kinasubiri kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha kinakurusha. Usukani ulikuwa unakuambia kila kokoto ulilolikanyaga. Nilikipenda. Naandika hivi bila aibu, nilikipenda kuliko gari lolote nililowahi kulishika.

Kukitengeneza nako kulikuwa raha. Mara moja kilipoteza nguvu njia ya Kakola, Kifusi akakileta kinakohoa. Mafundi wengine walikuwa wameshamwambia tabo imekufa. Nilikisikiliza kikiwa kimesimama, nikasikia mluzi mwembamba, nikapitisha sabuni ya povu kwenye mipira ya hewa mmoja mmoja hadi mmoja ukatoa mapovu. Ulikuwa umepasuka upande wa chini usioonekana. Tukaubadilisha, kikarudi kilivyokuwa. Tabo yenyewe nilimfundisha Kifusi kuitunza. Ukitoka mbio, usizime hapohapo, iache injini izunguke taratibu ipoe, maana mafuta yakisimama ghafla yanaungulia ndani. Alinielewa, lakini alikuwa mtu wa haraka. Angezima, akumbuke, awashe tena, atukane kidogo, asubiri.

Siku ile mpira mpya wa hewa aliufunga Mzee kwa mkono wake, zamu ya kukijaribu ikawa yake, kwa hiyo Mama Zuhura ndiye aliyekaa kushoto. Walirudi mapema kuliko kawaida. Mchele haukumwagika, lakini ungo aliukumbatia kifuani. "Hiki kinakimbia kama kimeiba," akasema. Mzee alitoa funguo.

Wiki ileile Kifusi aligonga ng'ombe karibu na Tinde. Ilikuwa jioni, mifugo inarudi, mmoja akarukia barabarani. Alikanyaga breki kwa nguvu zote, tairi zikajifunga, kigari kikateleza mshazari na kumvaa mnyama kwa upande wa kushoto. Mimi na Mzee tulikwenda kukivuta asubuhi. Kifusi alikuwa ameshapelekwa hospitali na nyonga iliyovunjika. Upande wake ulikuwa umebonyea, lakini palikuwa bado na nafasi ya mtu. Upande wa kushoto hapakuwa na nafasi. Dashibodi ilikuwa imefika kwenye egemeo la kiti. Si kosa la kigari kile peke yake, magari madogo ya umri ule yote bati lake ni hilohilo, milango unaigonga kwa kidole inalia kama kifuniko cha sufuria. Mzee Ramadhani alivuta mlango wa kushoto, haukufunguka. Akainama dirishani akatazama ndani.

"Mama Zuhura alikaa hapa Jumanne," akasema.

Tukafunga kamba, tukakivuta mpaka Shinyanga.

Mngedhani hapo ndipo nilipokichukia. Wapi. Akili ilisema lake, mikono ikafanya lake. Injini ilikuwa nzima, Kifusi alisema hataki hata kuiona, nami nikatafuta bodi nyingine ya aina ileile iliyokufa injini, nikazifunga pamoja mwenyewe, jioni baada ya kazi, hadi ikawaka. Nyeupe tena. Hiyo ndiyo Starlet mnayoijua nyinyi, inayokaa chini ya turubai uani kwangu. Nimeiendesha miaka yote ya utu uzima wangu. Limi alikua ndani yake, kwenye kiti cha kushoto, miguu haifiki chini, mkono wake juu ya wangu kwenye gia tukibadilisha pamoja. Mkanda ulikuwepo, lakini haukuwahi kufungwa.

Baadaye niliajiriwa mgodini, karakana ya magari madogo. Huko nilikutana na ulimwengu mwingine. Asubuhi unapuliza kwenye kipimo cha pombe kabla hujashika funguo, hata kama dini yako haikuruhusu kuonja. Mkanda usipofunga, gari linakusuta kwa kengele hadi ufunge. Ukirudi nyuma linalia. Ukikaribia jiwe linalia. Nilidhani nitapata wazimu. Lakini nilisoma, maana kazi ni kazi, na hapo ndipo nilipojifunza kutumia mashine ya kupimia, mimi niliyezoea plagi. Kuna wakati mwenzetu mmoja aliondoa themostati, kile kizibo kinachozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto, kwenye gari jipya, kama tulivyozoea wote kuondoa kwenye ya zamani, tukisema nchi hii ni ya joto, ya nini. Kompyuta ikadhani injini ina baridi milele, ikamwaga petroli bila kipimo. Kwa hiyo nawaambia, irudisheni themostati mahali pake. Si ushauri, ni amri ya mtu mzima.

Nilipoacha mgodi nikaja kwenye gereji yetu hii ya Kahama, na mengine mnayajua. Mnajua sheria ya kiti cha kushoto, maana niliwalazimisha. Nakumbuka mmoja wenu alimpakia mchumba wake, na tangu siku hiyo hatukumwona tena huyo binti. Breki zilikuwa nzuri, tatizo lilikuwa mazungumzo.

Na mnakumbuka gari la Masele, yule kijana mwenye karasha la kusaga mawe. Alileta kigari kipya kikali, cha bluu, tairi nyembamba kama chapati. Mlikizunguka kutwa nzima. Mimi nilipowasha nilisikia mngurumo mzuri, nikafungua mlango nishuke nisikilize nje, mngurumo ukabaki ndani. Mlio ulikuwa unatoka kwenye spika. Gari lilikuwa linajiigiza lenyewe. Nikasema maneno ambayo mlinirekodi na kuyatuma kwenye kundi, na Kifusi, ambaye sasa anatembelea mkongojo na bado ndiye msemaji mkuu wenu, akatuma ujumbe wa sauti: "Nilisema mimi. Gari ya sasa haina roho. Mama Limi, washa ile nyeupe watoto wasikie." Niliiwasha. Mlipiga makofi.

Ambalo sikuwaambia ni safari ya kulijaribu lile la bluu. Nilimpakia Limi, alikuwa amekuja likizo, ni muuguzi sasa. Tulielekea njia ya Isaka. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nilikuwa nalisema gari njia nzima, usukani mwepesi hauna habari, pedali kama unakanyaga sifongo, na Limi anacheka, mara ng'ombe akatoka kichakani.

Nilikanyaga breki kwa nguvu zote. Pedali ikanitetemeka mguuni, ule mfumo wa breki usioacha tairi zijifunge, ninaoujua kwa jina na kazi yake, nimeutengeneza mara nyingi, na sikuwahi kuuhitaji. Tairi hazikujifunga. Usukani ulibaki wangu. Gari lilinyooka kama mtu aliyeambiwa simama wima, nikapinda kidogo, tukapita nyuma ya mkia wa ng'ombe, tukasimama. Mchungaji hakutuangalia hata kidogo.

Limi alisema, "Mama, umeendesha vizuri."

Sikuwa nimeendesha mimi. Kwenye Starlet tungeteleza mshazari, upande wa kushoto mbele. Niliona hasira. Miaka yote nimejivunia mikono hii, na kijisanduku chenye waya kimenishinda kazi mbele ya mwanangu. Nilirudi gerejini, nikawapa funguo, nikasema gari ni zima, nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa na grisi.

Sasa mwaka huu nimestaafu, na Limi amehamishiwa kituo cha afya upande wa Chato. Atakuwa akija na kurudi kwa gari, lami nzuri, ndefu, mifugo kila mahali. Alikuja Jumamosi, akaamkia, akanywa chai, kisha akasema alichokuja kusema.

"Mama, nimekuja kuchukua Starlet yangu."

Kweli ni yake. Nilimwahidi tangu akiwa darasa la pili, kwamba siku nitakapoacha kazi nitamkabidhi funguo. Nimemwahidi mbele ya watu, na nyinyi mmeisikia ahadi hiyo mkaisifu kwenye kundi. Nikamwambia sawa, ngoja niiandae. Nilifurahi kupata kazi. Nilitoa turubai, nikabadilisha mafuta, plagi, mipira ya hewa yote, pedi za breki, nikafunga shokapu mpya. Plagi za zamani zilitoka rangi ya chai ya maziwa. Injini ile haina deni na mtu. Nilipomaliza nikanawa, nikaita kama Mzee Ramadhani alivyokuwa akiita, "Limi, tumemaliza."

Alitoka ndani akiwa amevaa viatu, akaja upande wa kushoto, akashika kitasa. Mlango ukalia ule mlio wake wa kifuniko cha sufuria. Mimi nikauzuia kwa mkono.

"Nini?" akauliza.

"Hii hapana."

"Hapana nini? Imeharibika?"

"Haijaharibika. Haijawahi kuwa nzima kama leo."

"Sasa?"

Nikamwambia habari ya Tinde, ambayo nilikuwa sijawahi kumsimulia, na dashibodi ilikofika, na alichosema Mzee Ramadhani. Nikamwambia na habari ya lile la bluu, nani hasa aliyesimamisha gari siku ile. Alinisikiliza kama anavyowasikiliza wagonjwa, bila kukatiza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi nimekaa hapo tangu nina meno ya utoto. Ulinipakia kila siku."

"Nilikuwa naendesha mimi," nikasema.

"Kwa hiyo?"

Nikausukuma mlango ukafungika. Alikasirika, na haki alikuwa nayo, ahadi ni deni. Aliondoka kwa basi, hakunipigia simu kwa siku kadhaa, nami nilizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Baadaye nikasikia kwa jirani kwamba ameona kigari fulani mjini, cha kijivu, cha sasa, kile mnachokiita jokofu lenye magurudumu. Nikatuma ujumbe: kilete nikikague. Hakujibu.

Jumapili sikuweza kukaa. Baada ya ibada nilivua nguo za kanisani, nikachukua spana ya kumi na nne, nikaingia ndani ya Starlet na kufungua kiti cha kushoto. Bolti ni nne tu. Nilikitoa nikakiweka barazani, karibu na kile cha kupumzikia. Niliona nimemaliza jambo. Hakuna atakayekaa hapo tena, wala mtoto, wala mjukuu Mungu akinijalia, wala mmoja wenu. Gari nitabaki nalo, nitaliendesha peke yangu asubuhi barabara ikiwa tupu, na sheria ya Mzee haitavunjwa, maana kiti chenyewe hakipo. Nilijiona nina akili sana. Nilipiga picha nikaituma kwenye kundi, na mnajua mlivyonijibu. Mliandika kwamba Mama amepunguza uzito, sasa itaruka. Kifusi peke yake hakuandika kitu.

Jioni geti likagongwa. Alikuwa Limi na kigari chake cha kijivu. Alinishika mkono akaniingiza kushoto, na kengele ikaanza kulia hata kabla sijakaa vizuri. Akasubiri. Nikafunga mkanda. Ikanyamaza. Akaniendesha hadi njia panda na kurudi, na mimi mtu wa kusikiliza magari sikusikia chochote cha kurekebisha. Tuliporudi akauliza, "Umeonaje?"

"Mchele haukumwagika," nikasema, na akacheka, nikajua tumepatana.

Ndipo alipoona kiti barazani. Akaenda kwenye Starlet, akachungulia dirishani, pale palipobaki mashimo manne na zulia lililofifia. Nikamweleza nilivyofikiri, na sheria, na kwamba sasa hakuna mtu wa mtu atakayekaa ndani yake. Aliitikia kwa kichwa. Kisha akatazama upande wa pili, kiti cha dereva, kile kilicholika pembeni kwa kuingia na kutoka kwangu miaka yote hiyo.

"Na hicho?" akaniuliza. "Hicho anakaa mtu wa nani?"

Spana ya kumi na nne bado iko mfukoni mwa gauni langu, na bolti za kiti cha dereva nazo ni nne tu. Nimeandika yote haya nikiwa nimesimama.